Foleni, ubao, chama au kikosi cha mtaa: uingie RPG za mtandaoni na nani?

World of Warcraft, Final Fantasy XIV, Guild Wars 2, Old School RuneScape, Albion Online: gemu zote hizi ni RPG, yaani gemu za kuongoza mhusika anayekua kwa nguvu, na zinaweza kukuunganisha na wachezaji wengine, na kila moja ina zaidi ya njia moja ya kufanya hivyo. Mchezaji wa Lamu au Malindi akikwama, mara nyingi hakwami kwenye kuchagua gemu. Anakwama kwenye kuchagua njia: niingie na nani, nisije nikawaharibia watu wanne usiku wao stima ikipotea tukiwa katikati ya kupigana na bosi, yaani adui mkubwa?

Njia zenyewe ni nne. Kuna foleni ya mfumo, ambapo kompyuta inakupangia wenzako. Kuna ubao wa matangazo, ambapo mtu anaandika anachotafuta na wewe unaomba kuingia. Kuna chama, kikundi kikubwa chenye jina, uongozi na ratiba. Na kuna kikosi cha mtaa, yaani wewe na rafiki zako.

Kwa anayeanza, kazi ndani ya kikosi ni tatu. Tanki anakaa mbele na kumshika bosi asiwageukie wengine. Mponyaji anawarudishia wenzake uhai. Washambuliaji wanammaliza bosi. Danjeni, yaani safari fupi ya kikosi yenye maadui na mabosi, ya World of Warcraft ni watu 5: tanki 1, mponyaji 1, washambuliaji 3. Ya Final Fantasy XIV ni watu 4, yenye tanki 1, mponyaji 1 na washambuliaji 2, na mapambano yake makubwa ni ya watu 8, hesabu hiyo mara mbili. Reidi, yaani pambano gumu la kikosi kikubwa, ya Guild Wars 2 ni ya watu 10, na skwodi, kikosi cha nje uwanjani, hufika 50. Kila mtu anapenda kushambulia na wachache wanapenda kushika, kwa hiyo tanki na mponyaji ni adimu karibu kila gemu, na uadimu huo unagusa njia zote nne.

Tunapima kwa nini

Kila njia tunaiuliza maswali matano. Unasubiri muda gani kabla ya kuanza? Ukikatika, nani anaumia, na adhabu ni ipi? Unahitaji kusema au kuandika, na kwa lugha gani? Ngawira, yaani vitu anavyoangusha bosi, inagawanywaje? Na saa ya kucheza anaipanga nani?

Swali la pili ndilo zito kuliko yote huku kwetu. Pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, ya pwani kwenda seva za Ulaya mara nyingi huwa juu ya milisekunde 120, lakini hilo peke yake si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Final Fantasy XIV inaachia pigo la kawaida kila baada ya sekunde 2.5, na World of Warcraft kila sekunde 1.5. Old School RuneScape inahesabu kila kitu kwa hatua za sekunde 0.6. Ndani ya nafasi hizo milisekunde 150 au 200 zinamezwa. Guild Wars 2 ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu unakwepa kwa kuruka papo hapo. Ukichelewa kidogo umeliwa. Kwenye Final Fantasy XIV ujanja ni mmoja: mstari wa bosi wa kuandaa pigo ukijaa, seva tayari imeshaamua nani yuko ndani ya eneo la hatari lililochorwa kwa rangi ya chungwa, hata kama mlipuko wenyewe hujauona. Toka mapema, usingoje kuona moto.

Kinachoharibu kikosi ni kukatika kabisa. Wengi wanafikiri hotspoti ya simu inatosha kama akiba. Inasaidia, ila kompyuta ikihama kutoka rauta kwenda simu, anwani ya mtandao inabadilika na gemu inakutupa nje hata hivyo. Lazima uingie upya. Rauta nyingi za nyumbani zinatumia volti 12 (soma kibandiko cha chini kabla ya kununua chochote), kwa hiyo kibetri kidogo cha akiba cha rauta pamoja na betri ya laptopu vinakuvusha kwenye kukatika kwa muda mfupi bila kupoteza muunganisho, ilimradi mnara au laini unayotegemea nayo haijazimika.

Kuhusu bando: gemu yenyewe inakula kidogo. Sauti ya Discord, programu ya kuongea mkicheza, kwa kiwango chake cha kawaida, kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29 kwa saa kwa mtu anayeongea mfululizo. Kinachomaliza bando ni masasisho. World of Warcraft na Final Fantasy XIV kila moja inataka zaidi ya GB 100 za nafasi, na sasisho kubwa linaweza kuwa la GB kadhaa usiku mmoja.

Foleni ya mfumo

Hii ni kama boti ya Mokowe kwenda Lamu: ikijaa inaondoka, na wa kukaa naye hukumchagua. World of Warcraft iliweka foleni ya kuvuka seva Desemba 2009, na tangu hapo gemu nyingi zimefuata. Final Fantasy XIV inaiita Duty Finder.

Kusubiri kunategemea kazi yako. Tanki huingia upesi, mponyaji hufuata, mshambuliaji anakaa. Mchana wa huku, Ulaya ikiwa kazini, foleni inarefuka. Final Fantasy XIV inaonyesha ni kazi gani inapungukiwa kwa wakati huo na kumpa anayeichukua zawadi ya ziada. Mwenye kuweza kazi mbili aangalie alama hiyo kwanza. Kosa la kawaida ni kujiunga na foleni kisha kwenda kuchemsha chai. Nafasi ikipatikana unapewa chini ya dakika moja kukubali, ukipitwa unaanza upya.

Ukikatika hapa ndipo penye unafuu. Mfumo unakushikilia nafasi kwa muda urudi, na wenzako wakichoka wanaweza kukupigia kura ya kukutoa na mwingine akajazwa. Kukatika na kujitoa ni mambo mawili. Ukibonyeza kutoka mwenyewe kabla danjeni haijaisha, World of Warcraft na Final Fantasy XIV zote zinakufungia foleni dakika 30. Kwa hiyo stima ikipotea usihangaike kutafuta jinsi ya kujiondoa, rudi ukiweza.

Mazungumzo ni machache, salamu mwanzoni na shukrani mwishoni. Asiyejiamini kwa Kiingereza atapenda kamusi ya Final Fantasy XIV: andika herufi za mwanzo, bonyeza Tab, chagua maneno, na kila mtu anayasoma kwa lugha yake kati ya Kiingereza, Kijapani, Kijerumani na Kifaransa. Kiswahili hakimo. Ngawira inagawanywa na mfumo kwa kete: unahitaji, unatamani, au unapita. Bonyeza unahitaji kwa kitu ambacho kazi uliyoingia nayo inakivaa, basi. Saa ni yako mwenyewe.

Inamfaa mwenye nusu saa tu, na anayejifunza. Haimpeleki mtu kwenye mapambano magumu kabisa, kwa sababu hayo hayamo kwenye foleni au wageni wasiozungumza hawayawezi.

Ubao wa matangazo

Hapa mtu mmoja anaunda kikosi, anaandika lengo, na wengine wanaomba. Final Fantasy XIV inao kwa jina la Party Finder, World of Warcraft unao, Guild Wars 2 pia. Kwa mapambano ya kati na magumu, hii ndiyo njia inayotumika zaidi, na ndiyo yenye mitego mingi zaidi.

Soma tangazo kabla ya kubonyeza. Party Finder ina malengo matatu ya kuchagua: mazoezi, kumaliza, na ngawira. Tangazo likisema mazoezi ya awamu ya tatu, maana yake ni kwamba wote walioingia wanatarajiwa kufika awamu ya tatu bila kufundishwa mbili za kwanza. Watu wanadanganya sana kwenye hili. Kikosi cha watu 8 kikiwa na wawili waliojipandisha awamu, mtakufa dakika ya pili mara tano mfululizo, na baada ya hapo mtu ataaga, kisha wa pili, kisha kikosi kimekwisha. Ukitaka kujifunza kutoka mwanzo, tafuta tangazo la wanaoanza, au liandike wewe. Aliyeunda kikosi ndiye anayeweka masharti, na tangazo lako halihitaji kukubaliwa na mtu.

World of Warcraft ina lake. Danjeni zake za ufunguo, za watu 5 na saa inayokimbia, haziko kwenye foleni kabisa. Mmoja anatoa ufunguo wake, ambao daraja lake ndilo ugumu wa danjeni, na mkishindwa kumaliza ndani ya muda, ufunguo huo unashuka daraja moja. Ndiyo maana mwenye ufunguo anachagua kwa ukali na kuangalia alama yako, ambayo gemu yenyewe inaionyesha tangu 2021. Usichukulie kukataliwa kama dharau. Dawa ni kutumia ufunguo wako mwenyewe, hata wa chini, na kualika wewe.

Sasa kukatika. Hakuna kujazwa kwa haraka kama kwenye foleni. Kwenye ufunguo, danjeni ikishaanza, kupotea kwako dakika tano kunaweza kumpotezea mwenye ufunguo daraja, na aliyeumia ni mtu aliyekuamini bila kukujua. Siku ambayo stima imekuwa ikicheza tangu alasiri, usiombe ufunguo wa mtu. Omba kikosi cha mazoezi, ambapo jaribio likiharibika mnaanza jingine na hakuna kilichopotea zaidi ya dakika chache.

Kusubiri ni kama kwenye foleni kwa tanki na mponyaji, ila mshambuliaji anaweza kukaa muda mrefu akikataliwa. Lugha ni Kiingereza kwa kawaida, ingawa seva za Ulaya zina matangazo ya Kijerumani na Kifaransa. Yaangalie usije ukaingia mahali usipoelewa maelekezo. Ngawira soma masharti: baadhi ya waundaji huandika mapema kwamba kitu fulani ni chao, nawe kwa kuingia umekubali.

Inamfaa mwenye saa moja au mbili za uhakika, anayeijua kazi yake, na asiyependa kufungwa na ratiba.

Chama

Chama kinaweza kuwa kikubwa sana: Guild Wars 2 inaruhusu wanachama 500, Albion Online 300. Shughuli ni watu, na chama kizuri kinakupa watu wanaokufundisha, vifaa vya kukopa, na mahali pa kuuliza swali la kijinga bila kuchekwa.

Hapa hakuna foleni ya dakika. Kuna kujaribiwa wiki kadhaa, kisha nafasi ya kudumu au benchi. Kinachomtoa jasho mchezaji wa pwani ni saa. Chama cha Ulaya kikisema reidi ni saa 20:00 kwa saa za Paris, huku ni saa tatu usiku wakati wa kiangazi chao na saa nne usiku wakati wa baridi, kwa sababu wao wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, sisi hatusogezi. Reidi inayochukua muda wa saa tatu ikianza saa nne inaisha saa saba usiku. Kama una kazi asubuhi, hesabu hiyo ifanye kabla ya kutuma maombi, usiifanye Novemba. Final Fantasy XIV ina saa ya seva inayofuata UTC, saa ya kimataifa isiyosogezwa, mwaka mzima: 19:00 ya seva ni saa nne usiku hapa, siku zote. Uliza ratiba imeandikwa kwa saa ipi. Mwezi wa Ramadhani waambie mapema usiku gani hutapatikana. Viongozi wengi wanakubali likizo iliyotangazwa, wanachochukia ni kiti kitupu dakika kumi kabla ya kuanza.

Ukikatika, anaumia kila aliye ndani, lakini chama kina benchi na kina kumbukumbu. Mara moja inasameheka. Mara ya nne utaulizwa. Afadhali useme tangu maombi: niko kisiwani Kenya, laini yangu ni hii, stima hupotea, akiba yangu ni hii. Chama kisichotaka kusikia hilo hakikufai.

Mawasiliano mara nyingi ni sauti, angalau kusikiliza. Huhitaji Kiingereza cha kitabuni. Unahitaji maneno thelathini hivi ya vita na uwezo wa kuyasikia kwenye kelele. Ngawira huamuliwa na uongozi au kwa utaratibu ulioandikwa. Kwenye Albion suala hili ni kubwa zaidi, kwa sababu ukifa kwenye maeneo ya hatari, yale mekundu au meusi, unaacha ulichovaa na ulichobeba, na aliyekuua anakiokota. Uliza kabla ya kwenda: chama kinarudishia vifaa vilivyopotea kwenye vita vyake, kwa masharti gani? Na ukikatika huko, mhusika wako anabaki amesimama mbele ya watu.

Jambo la kuangalia kwa wanaocheza bure: akaunti ya majaribio ya Final Fantasy XIV, inayokufikisha kiwango cha 70 bila kulipa, haiwezi kujiunga na chama wala kuunda kikosi. Inaweza kualikwa kwenye kikosi na mwenye akaunti kamili, na inaweza kutumia foleni.

Kikosi cha mtaa

Wawili Langoni, mmoja Shela, mmoja Maweni kule Malindi, na kundi la WhatsApp. Mnaongea Kiswahili, mnaanza baada ya Ishaa au baada ya tarawehe, na mtu akiandika "Stima imepotea huku, nipeni dakika kumi" hakuna anayehitaji maelezo. Mnaumia wenyewe, mnasameheana wenyewe, na adhabu ya mfumo haipo kama hamkupitia foleni.

Lakini njia hii ina udhaifu wake, na mkubwa ni kwamba mnategemea laini ileile na stima ileile. Watatu kwenye nyumba moja wakishiriki rauta moja, kukatika kumoja kunaondoa zaidi ya nusu ya kikosi. Wakae mitaa tofauti wakiweza, au mmoja awe kwenye data ya simu. Pili, hakuna anayetaka kuponya. Zungusheni: anayeshambulia danjeni hii anaponya ijayo. Tatu, sasisho. Mmoja mwenye bando dogo asipopakua mapema, wote wanakaa wakiangalia asilimia zake. Anayepakua kwanza awagawie wengine faili kwa diski pale gemu inaporuhusu, au mpange siku ya kupakua kabla ya siku ya kucheza.

Idadi pia inabana. Watu wanne wanatosha danjeni ya Final Fantasy XIV kamili. Kwa World of Warcraft mmekosa mmoja, na mapambano ya watu 8 mmepata nusu. Hapo njia zinachanganyika: mnaunda kikosi chenu, mnaingia foleni pamoja, mfumo unajaza waliobaki. Mkiingia na tanki na mponyaji wenu, foleni inafupika. Tofauti ya viwango haisumbui sana, kwa sababu Guild Wars 2 na Final Fantasy XIV zinamshusha aliye juu alingane na eneo.

Kwa wasioweza kukutana saa moja, Old School RuneScape ina jibu tofauti na wote. Tangu Oktoba 2021 watu 2 hadi 5 wanaweza kuanzisha kikundi kinachojitegemea, chenye ghala la pamoja na bila biashara na watu wa nje. Mmoja anavua samaki asubuhi akiwa kibandani, mwingine anawapika usiku, na bosi mnamwendea siku mkikutana. Inachezeka kwenye simu tangu 2018, akaunti ileile na ya kompyuta. Muunganisho ukikatika vitani, mhusika anaweza kubaki uwanjani hadi dakika moja, kwa hiyo pigana ukiwa na uhai wa kutosha kuimaliza dakika hiyo.

Ngawira mnakubaliana, na ni bora mkubaliane kabla ya kitu cha thamani kuanguka. Urafiki wa miaka umeshatikiswa na upanga mmoja.

Kwa hali yako

Una nusu saa na laini ya kubahatisha: foleni, na uwe tanki au mponyaji ukiweza. Laini mbovu kabisa wiki hii: kwenye Final Fantasy XIV danjeni za hadithi kuu zinachezeka na wahusika wa kompyuta badala ya watu, na kwenye Guild Wars 2, ambayo mchezo wake wa msingi ni bure tangu 2015, matukio ya uwanjani yanampa zawadi kila aliyeshiriki bila hata kualikana.

Una simu tu: Albion au Old School RuneScape, na kikosi cha mtaa. Chama cha Albion kinawezekana kwenye simu, ila anza kwenye maeneo ya buluu na manjano, na chagua seva ya Ulaya iliyofunguliwa 2024.

Umeshajua kazi yako, una saa mbili jioni lakini siku hazitabiriki: ubao, upande wa mazoezi siku za stima mbovu, upande wa kumaliza siku nzuri.

Una usiku mbili zisizobadilika kwa wiki, akiba ya stima, na hamu ya mapambano magumu: chama. Tafuta chenye reidi inayoanza 19:00 kwa saa za Paris au mapema zaidi. Hiyo ni saa mbili au saa tatu usiku huku, na unalala kabla ya saa saba.

Mko watatu au wanne mnaofahamiana na hakuna anayejua gemu yoyote kati ya hizi: anzeni nyinyi kwa nyinyi, jazeni kwa foleni, na mmoja wenu achukue mponyaji leo.